Aliyeona Miguu Tu

Mtu akiuawa na asionekane na yeyote, ameuawa? Na yule aliyeona, asipojulikana na yeyote, aliona? Si maswali ya mtu aliyeshiba, najua, lakini ndiyo niliyoamka nayo katika Mji ule, na sikuwa nimeshiba. Nilikuwa nimelala juu ya benchi la ukumbi wa Baraza, mkono chini ya kichwa, na ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani ukakaa vitini kama wageni waliowahi shughuli. Sijui nilifika lini. Huenda jana. Huenda nilizaliwa palepale chini ya benchi, na habari zote za utoto wangu nilisimuliwa na mtu aliyetaka nimwondokee.

Mji ule haukuwa na jina. Nyumba zake zilikuwa za mawe na chokaa, vichochoro vyembamba kiasi cha watu wawili kupeana bega, na kila pembe taa ya gesi iliyowaka mchana kutwa kwa kuwa mchana wenyewe haukuaminika. Malkia wa Mji aliishi mbali, ng'ambo ya maji, na hakuna aliyewahi kumwona isipokuwa katika picha iliyotundikwa juu ya kiti cha Hakimu: mwanamke mnene, amevaa nyeusi, macho yameangalia pembeni. Alikuwa mjane. Mumewe alikufa, akavaa nyeusi, akaapa hatavua. Sasa, eda ya kila mjane ina mwisho wake, siku ikifika mtu anaoga, anavaa, anarudi duniani. Ya Malkia haikuwa na mwisho, na kwa kuwa saa zote za Mji zilikuwa mali yake, nazo zilikaa eda pamoja naye. Ilikuwa alasiri nilipoamka. Ilikuwa alasiri walipozaliwa wazee wa mtaa. Watu walikwisha kuzoea, wakawa wanapika chakula kimoja tu.

"Wewe," akasema Hakimu wa Malkia kutoka kitini. Alivaa nywele za bandia nyeupe, na chini yake uso wake ulikuwa mdogo, umejificha. "Ndiwe Mthibitishaji?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Basi ndiwe. Anayejua hatufai." Akanisukumia jozi ya viatu kwa ncha ya fimbo. "Vaa. Mtu wa Baraza hatembei peku."

Nikavivaa. Vilikuwa viatu vya ngozi nyeusi, vya kufunga kwa kamba, na vilinienea kana kwamba mguu wangu ndio uliochongwa kuvifuata. Kando ya Hakimu, kwenye kiti kilekile, alikaa Kadhi wa Mji, mzee mwenye kilemba, tasbihi mkononi, asiyeinua macho. Sheria mbili, kiti kimoja. Mmoja akisogea, mwenzake huanguka, kwa hiyo hakuna aliyesogea.

Kazi yangu nilielezwa kwa maneno machache. Mchana mmoja wa mvua, mwanamke aitwaye Sikudhani, msusi wa nywele, muungwana wa kuachwa huru, alinyongwa kichochoroni nyuma ya nyumba ya Bibi Thuwaiba. Aliyekutwa amepiga magoti ubavuni pake alikuwa Feruzi, mchota maji. Akakamatwa hapohapo. Bibi Thuwaiba wakati ule alikuwa kaingia eda ya mumewe, hatoki, haonekani, na Baraza lilipokwenda kwake kuuliza, ushahidi ulitoka nyuma ya pazia. Sauti ilisema: aliyemuua Sikudhani amevaa viatu. Viatu vyeusi vya kamba, kisigino cha kushoto kimelika upande wa ndani. Uso hakuuona. Aliona miguu tu.

"Baraza lilicheka sana siku ile," Hakimu akasema, bila kucheka. "Shahidi hana uso, muuaji wake naye hana uso. Halafu Bibi akatuletea neno kwamba yeye hakusema lolote. Sasa nani alisema? Nenda ukamthibitishe. Jina lake, na ni binti nani. Hukumu haiwezi kutoka mpaka tumjue."

"Na Feruzi?"

Akaelekeza kidevu kwenye nguzo. Nilikuwa nimemwona nikadhani ni sehemu ya nguzo. Kijana wa makamo, mnyororo kiunoni, nyayo zake pana zimepasuka kwa miaka ya kukanyaga mawe ya moto na mawe yenye maji. Mbele yake kulikuwa na bakuli la uji ambao haukupoa.

"Tangu lini uko hapa, ndugu yangu?" nikamuuliza.

"Tangu alasiri," Feruzi akajibu. Kisha akaona nimeduwaa, akanionea huruma. "Walionifunga walikwisha kufa, bwana. Wajukuu zao ndio wananiletea uji. Mimi siwezi kufa wala kuzeeka, kesi haijaisha. Mke wangu alinisubiri hapo mlangoni mpaka akazeeka, mpaka akafa, mimi namwangalia tu. Nilimpa yule mama kichochoroni maji, bwana. Nilidhani ana kiu."

Nikatazama miguu yake tena. Mtu yule hakuwahi kuvaa kiatu tangu kuumbwa. Kila mtu aliyepita ukumbini aliliona hilo, na kila mtu alipita. Nikatoka.

*

Ukungu. Nyumba. Ukungu tena. Nilitembea nikijiambia: mtu ni nini, ikiwa si mkusanyiko wa macho yaliyomwona? Ondoa macho ya mama, ondoa ya jirani, ya mwenye duka anayekukopesha sukari. Kinabaki nini? Kinabaki kitu kinachotembea katika ukungu, kimevaa viatu vya wenyewe. Niliwasalimu watu wawili watatu njiani. Waliangalia chini, viatuni, wakapisha ukutani. Nikadhani ni adabu, nikajisikia mkubwa kidogo. Binadamu hana dogo.

Nyumba ya Bibi Thuwaiba ilikuwa bado katika eda, na waliomo ndani hawakuzeeka. Mlango ulikuwa wazi, ngazi zikanipandisha, nikajikuta katika sebule ya juu iliyokatwa katikati kwa pazia jeusi. Upande wangu kulikuwa na mkeka na dirisha. Upande wa pili nilisikia mnong'ono, kama mtu anayesoma dua, kisha sauti nyingine, nzito, iliyokauka, ikatamka:

"Bibi anasema karibu."

Hapo lazima nieleze, kwa msomaji wa miji yenye majira. Mjane mwenye eda wa nyumba ile hakusema na mwanamume asiye maharimu yake. Sauti yake ilikuwa sehemu ya mwili wake, nayo ilikaa ndani. Akitaka kusema na mgeni, alinong'ona, na mwingine akayachukua maneno akayapitisha pazia. Huyo mwingine hakuhesabiwa. Alikuwa mfereji. Hakuna amwagiliaye shamba akauliza mfereji umeonaje.

"Nimetumwa na Baraza," nikasema. "Habari za Sikudhani."

Mnong'ono. Kisha: "Bibi anasema Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Bibi aliona nini siku ile?"

Mnong'ono. "Bibi anasema hakuona kitu. Alikuwa amelala."

Nikasimama dirishani, nikachungulia kichochoro. Watu walipita chini. Niliona vilemba, niliona mizigo ya kuni, upaa wa mzee mmoja unaong'aa. Miguu hakuna. Aliye juu huona vichwa, na kila kichwa humficha mwenyewe. Nikaelewa kwamba Bibi hakusema uongo. Hata kama angalikuwa macho, hata kama angalining'inia dirishani, asingaliviona viatu vya mtu.

"Basi Bibi aniambie," nikasema, nikirudi kwenye mkeka, "siku ile Baraza lilipokuja, nani aliyesema?"

Sikusikia mnong'ono. Pazia lilikuwa halikufika chini kabisa, lilikuwa limeacha upenyo wa kiganja kati yake na sakafu, na nyuma ya upenyo ule nilihisi, sijui kwa nini, kwamba kuna mtu ameinama ananitazama. Kisha sauti nzito ikatoka, na safari hii hakuna aliyeinong'oneza kwanza.

"Bibi anasema avue viatu."

"Vipi?"

"Avue. Avisogeze."

Nikavivua, nikavisogeza. Mkono ukatoka chini ya pazia, mkono wa mtu mzima, kucha zimeliwa na majivu ya kusugulia masufuria. Ukavivuta viatu ndani. Nikasikia kidole kikipita juu ya ngozi, kikifika kisiginoni, kikisimama. Halafu mtu akashusha pumzi ambayo nadhani aliipandisha kabla babu yangu hajaoa.

"Cha kushoto," ile sauti ikasema. "Upande wa ndani. Ndivyo hivi."

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nilisimama, nikashika ukuta. Viatu vile nilipewa na Baraza. Aliyevivaa kabla yangu alipewa na Baraza, na kabla yake mwingine. Nilijiuliza: je, ni mimi? Usicheke. Katika Mji ambao alasiri haiishi, mtu atajuaje lipi amekwisha kulifanya? Miguu yangu ilivijua viatu vile. Nilikumbuka mvua. Sina hakika kama niliikumbuka au niliisikia ikisimuliwa. Niliona aibu kubwa, aibu ya mtu aliyekutwa ndani ya nyumba isiyo yake, na nikakaa chini juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama," nikasema kuelekea pazia. Sikuwa na neno jingine.

Kule nyuma kidole kikaacha kisigino.

"Unamwamkia Bibi?"

"Nakuamkia wewe."

"Mimi mtumwa, bwana. Mimi ndiye hutoa shikamoo. Sijui hata inajibiwaje kwa mdomo wangu."

"Inajibiwa marahaba."

Hakuijibu. Lakini akasogeza pazia kwa kiwiko, akatoka. Mwanamke wa kaniki nyeusi ya kitumwa, kichwa kimefungwa kitambaa, viatu amevikumbatia kifuani. Jina lake Tufaha, alisema; ndivyo alivyoitwa na wenye nyumba siku alipoletwa, akiwa mtoto hajui kufunga nguo. Jina la kabla ya hapo hakulikumbuka. Alinishusha jikoni bila kuniuliza kama nataka, akanionyesha chini ya ukuta tundu la kutolea maji machafu, akaniamuru nilale. Nikalala kifudifudi kwenye majivu na maji ya wali, nikaweka jicho. Kichochoro chote kilikuwa pale, hadi kwenye fundo la mguu. Miguu ya mbuzi, miguu ya hamali, msichana mwenye hina mbichi anakanyaga kwa visigino isichafuke.

"Hapo ndipo dunia yangu," Tufaha akasema juu yangu. "Nasugua vyombo, naangalia wapitao. Nawajua wote. Nani ana baridi yabisi, nani anatoka kwa mwanamke wa watu. Siku ile niliona miguu ya Sikudhani ikiondoka ardhini. Na vile viatu vimesimama imara, bwana, kama mtu anayengoja chai. Havikutetemeka."

"Kwa nini ulisema Bibi ndiye aliyeona?"

"Neno la mtumwa lina nani wa kulisikia? Nilikuwa mfereji. Nikaona, leo mfereji utapitisha maji yake wenyewe. Nikasema: Bibi anasema. Nilidhani wataliamini, wamwachie Feruzi, nami nirudi kwenye masufuria." Akajifuta uso kwa ncha ya kaniki. "Nilipomtia Bibi katika uongo, naye akakana kwa haki, ndipo nikamfunga yule kijana kwa mikono yangu. Kila nikiinua sufuria namwona."

"Sikudhani alikuwa nani kwako?"

"Alikuwa akinisuka. Mabibi wengine wote walimlipa, mimi alinisuka bure, hapo kizingitini. Alikuwa akinisuka ananisemesha, mpaka lugha hii nikaijua. Hakuwa na mtu. Amezikwa na manispaa ya Malkia, hata jamvi la msiba halikutandikwa."

Nilimwambia twende. Akasema mtumwa haendi Barazani kwa miguu yake. Basi nikapanda tena ngazi mimi, peku, majivu yamenijaa ndevuni, nikasimama mbele ya pazia na kumweleza Bibi Thuwaiba kila kitu, pamoja na lile la mfereji. Nilitarajia ghadhabu. Kisha sauti ambayo mwanamume mgeni hakuwahi kuisikia, nyembamba, yenye kutu, ikatoka yenyewe bila mchukuzi.

"Nimemwacha huru Tufaha kwa ajili ya Mungu. Wewe uwe shahidi." Na baada ya kukohoa: "Mwambie sufuria kubwa aiache ilivyo."

*

Barazani walitungoja. Hakimu alipoviona viatu mikononi mwa Tufaha uso wake mdogo ulizidi kuingia ndani ya zile nywele. Nilikuwa na furaha mbaya. Nilikwisha yapanga: atasema aliona yeye, ataviweka viatu mezani, na kila mtu aliyekaa kwenye kiti kile tangu Malkia kuvaa nyeusi atatakiwa aeleze mguu wake ulikuwa wapi mchana ule wa mvua. Niliutaka ukweli kama mlevi anavyoutaka mlango wa kilabu.

"Mimi ndiye niliyeona," Tufaha akasema. Alisema kwa sauti ile ile nzito, lakini neno la kwanza lilimtoka kwa shida, akalirudia. "Mimi."

"Jina?"

"Tufaha."

"Binti nani?"

Mwanamke aliyeletwa akiwa mtoto, binti nani? Feruzi pale nguzoni aliinua kichwa, mnyororo ukalia.

"Asiye na watu wake hathibitiki," Hakimu akasema, na sauti yake ilikuwa imepata mafuta. "Watafuteni watu wake. Hata kama itachukua alasiri yote. Mshitakiwa atangoja."

Tufaha akamgeukia Kadhi. "Sheikh, nauliza. Huyu aliyeuawa, damu yake ni ya nani?"

Kadhi akaacha tasbihi. Nadhani lilikuwa swali la kwanza alilopata kuulizwa. "Ya warithi wake," akasema polepole. "Wao ndio wenye damu. Wakitaka watadai, wakitaka watamsamehe mtuhumiwa, na wakimsamehe hakuna wa kumshika. Sikudhani hakuwa na mtu. Ndiyo maana kesi imekaa."

"Angekuwa na mtoto?"

"Mtoto angetosha."

Nikaona anakokwenda. Kadhi naye aliona, akainua kidole, kidole chembamba cha mtu mwema. "Lakini ujue, mama. Mtoto hamtolei mzazi wake ushahidi. Ukiwa mwenye damu, hukuona kitu. Hivyo viatu vitakuwa viatu tu. Hatavijua mtu milele."

Nilimkaribia Tufaha, nikamnong'oneza, na sasa najua nilikuwa nikinong'ona kama Bibi nyuma ya pazia. "Usifanye hivyo, mama. Tutamtafuta baba, hata wa kubuni. Umewashika. Muuaji yumo humu ndani! Ukweli huu ukifa leo haufufuki."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayelilia mwezi. "Ukweli wako unazeeka, mwanangu? Unaweza kungoja. Yule pale mkewe alizeekea mlangoni."

Kisha akageuka, akasimama wima, na kusema jambo ambalo katika Mji ule hakuna aliyelisema ila kwa kutukanwa nalo. Kumtaja mama pale panapotajwa baba ni kujitangaza mtoto wa nje mbele ya kadamnasi. Alilisema hivyohivyo, waziwazi.

"Binti Sikudhani."

"Nani anathibitisha?" Hakimu akauliza haraka. Alikuwa ameshafanya hesabu zake. Alinitazama kwa tamaa, karibu kwa upendo. Walitaka nithibitishe, yeye na Tufaha, kila mmoja kwa lake. Mimi peke yangu ndiye sikutaka. Sikujua kama Sikudhani alimzaa. Sijui hadi leo. Nilijua mikono fulani ilikaa kichwani pake miaka mingi kizingitini, ikimpa maneno pamoja na misuko. Je, kuna uzazi mwingine? Utakuwapo, sijaambiwa.

"Nathibitisha," nikasema, na machozi yakanitoka kwa hasira.

"Basi hakuna shahidi," Hakimu akasema, akaegemea nyuma.

"Na mimi mwenye damu," akasema Tufaha, "Feruzi simdai. Mfungueni."

Kadhi mwenyewe aliinuka. Kiti kikayumba, Hakimu akashika mkono wa kiti kwa nguvu asianguke. Mnyororo ulipotoka, miaka yote iliyokuwa imesimama mlangoni ikamwingia Feruzi kwa pamoja. Nywele ziliota mvi tukiziona, mgongo ulipinda, meno yakamtoka mdomoni akayapokea kiganjani kwa mshangao. Aliutazama mlango. Hakuwa na wa kumwendea. Nje, kwa mara ya kwanza, kulianza kuchwa.

Tufaha aliviweka viatu chini ya meza ya Baraza, kama ambavyo angevipanga vya mgeni yeyote. Akaomba jamvi. Likaletwa, akalitandika katikati ya ukumbi, chini ya picha ya Malkia, akakaa, miguu ameikunja upande. Akalia. Kilikuwa kilio cha mtu ambaye mama yake amekufa leo, na kilipanda hadi kwenye mabati, na watu wakaanza kuingia kutoka mitaani wakiuliza kwa nani kuna msiba. Feruzi alijikokota kwa mikono yake ya kizee, akaja kukaa ukingoni mwa jamvi. Nami nikasogea, nikapiga magoti, nikamshika Tufaha mkono kumpa pole.

"Makiwa, mama."

"Tunayo," wakajibu wote wawili.